Makere: Nyuma ya Ndege wa Asali

Ndugu msomaji, leo kabla hamjaketi kula chakula cha mchana, mwombe mtoto wako akutajie majina ya ndege watano. Kama mnaishi Temeke, Manzese au Kariakoo, wa kwanza atakuwa kunguru, wa pili kuku, wa tatu labda njiwa, na baada ya hapo mtoto ataanza kutazama dari. Si kosa lake. Hata huyo kunguru anayemjua ni mgeni. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akazila, kisha akavuka bahari na kuanza kula mayai na makinda ya ndege waliokuwako. Kwa hiyo mtoto wa mjini anamfahamu vizuri ndege mmoja tu, na huyo ndiye aliyewafukuza wengine.

Kutembea porini kwa ajili ya kutazama ndege hudhaniwa kuwa jambo la watalii, watu wenye kofia pana na magari yasiyo na paa. Mwandishi wenu naye alikuwa na mawazo hayo. Mkazi wa Dar es Salaam anao msitu wa Pugu, ambao hauhitaji zaidi ya nauli ya basi na kibali cha maofisa wa misitu. Lakini leo nakupeleka mbali zaidi, kwenye nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu huko nilimwona ndege ambaye hatazamwi tu. Yeye ndiye anayemtafuta binadamu, na ana haja naye.

Ukishuka Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika hapo mwaka 1914, unashika barabara ya kupanda mashariki kwenda Kasulu. Ziwa hubaki nyuma, joto hupungua, na kabla ya muda mrefu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya vilima, migomba na maharage. Hapa ndipo Buha, nchi ya Waha. Kutoka Kasulu, barabara iendayo Kibondo hupita Makere. Ni mji mdogo wa barabarani wenye maduka, vibanda vya chai na baiskeli zilizofungwa mizigo mpaka mwendeshaji haonekani. Nyuma ya maduka yako mashamba, na nyuma ya mashamba huanza miombo.

Nisingependa ufike Makere ukitafuta msitu kama ule wa kwenye picha, wenye giza na miti iliyofungamana kwa kamba. Miombo ni msitu wa mwanga. Miti yake husimama mbalimbali kama watu waheshimianao, na majani yao ya juu ni mepesi kiasi kwamba jua hupenya mpaka chini kwenye nyasi. Nilifika mwishoni mwa Septemba, mvua zikiwa bado. Wakati huo miombo hufanya jambo la ajabu: hutoa majani mapya kabla ya tone la kwanza la mvua, na majani hayo si ya kijani, bali ni mekundu kama shaba, mengine rangi ya divai. Kwa mbali ungedhani kilima kinawaka moto.

MWENYEJI NA MBUNG'O

Aliyenipeleka ni mzee mmoja wa umri wa miaka sabini na kitu, mrina asali tangu utoto wake. Nilimkuta nje ya nyumba yake kabla jua halijachomoza. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Aliitikia marahaba, kisha akaanza upya kwa desturi ya kwao, "Mwakeye," akipiga makofi taratibu, akaniuliza habari za nyumbani, za safari, za watu wa Dar es Salaam wote kwa jumla. Mtu mwenye haraka asiende Buha. Ofisi ya misitu ilikuwa imekwisha kutupa ruhusa, maana huo ni msitu wa hifadhi na haufai kuingiwa kama mtu aingiavyo sokoni.

Jambo la kwanza alilofanya mzee lilikuwa kulitazama shati langu, ambalo lilikuwa la buluu, na kutikisa kichwa.

"Mwanangu, umewavalia mbung'o nguo ya sikukuu."

Alisema kweli. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha rangi hizo. Nilibadilisha na kuvaa shati la kaki, lakini habari ilikuwa imekwisha kuwafikia. Atakayekwenda avae mikono mirefu, rangi ya majani makavu, wala asiwadharau wadudu hao, kwani ndio walioandika historia ya mahali hapa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, iliwahamisha Waha wengi kutoka porini na kuwakusanya katika makazi maalumu. Mashamba yao ya zamani yalirudi kuwa pori. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamia vijiji vya barabarani. Mzee alinionyesha mahali penye nyasi fupi na mawe matatu yaliyoinama. "Hapa palikuwa kwa babu yangu," alisema, akaendelea kutembea. Kwa hiyo msitu huu tunaouita wa asili, kwa wengine ni nyumbani walikoondolewa. Nadhani si vizuri kuutembelea bila kulijua hilo.

JINSI YA KUTAZAMA

Sasa nikupe yale niliyofundishwa, maana yatakufaa hata kama hutavuka Pugu. Anza alfajiri. Kufikia saa nne jua limekwisha kuwa kali na ndege wengi wamenyamaza. Darubini ni nzuri, lakini sikio ni bora. Sisi kabla hatujaona chochote tulisikia ngoma: sauti nzito, ya chini, ikitoka bondeni, hu, hu-hu, hu. Ni mumbi, ndege mkubwa mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni na kooni, ambaye hutembea chini kama mkaguzi wa barabara akitafuta vyura, nyoka na panzi. Sauti yake husikika kilomita kadhaa. Mzee alisema wazazi wake walipomsikia akiita mfululizo waliharakisha kumaliza kulima, wakijua mvua haiko mbali.

Jambo la pili ni subira. Katika miombo unaweza kutembea nusu saa usione hata unyoya, ukaamini kwamba umedanganywa. Kisha, ghafla, mti mmoja hujaa. Ndege wa hapa hupenda kusafiri katika msafara wa jamii mbalimbali: kigong'ota akigonga gogo, mramba mweusi mwenye mkia wa panda akivizia wadudu wanaofurushwa na wenzake, hondohondo akipiga kelele, na wadogo wadogo wasiohesabika juu kabisa kwenye majani. Kila mmoja anakula chake, na macho mengi humwona kipanga mapema. Baada ya dakika tano wamepita na msitu umerudi kimya. Dawa ni kusimama pale walipokuwa wa kwanza, wala usiwakimbilie.

Katika msafara huo mzee alinionyesha kundi la ndege saba, weusi kwa weupe, wenye kishungi cheupe na ukingo wa manjano kuzunguka jicho kama miwani. Hawa hawatengani. Jozi moja tu katika kundi hutaga, na wengine wote husaidia kujenga kiota, kuatamia na kulisha makinda. Nilipoandika hilo daftarini nilitabasamu, nikiwakumbuka wazee wa chumba chetu cha habari ambao wangeliweka katika ukurasa wa kwanza.

Kwenye kijito, penye mikuyu, tulimwona mwingine ambaye sitamsahau. Mwili wake ni zambarau iliyokoza karibu na weusi, mdomo wa manjano, kishungi chekundu. Alipokuwa ametulia alifanana na askofu. Aliporuka, mabawa yakafunguka yakawa mekundu kama damu. Wataalamu wanasema wekundu huo wa jamii ya ndege hao hutokana na rangi yenye shaba ndani yake, shaba halisi, madini yale yale ya waya za umeme. Mzee hakuvutiwa na habari za shaba. Alikuwa amesimama, shingo ameiinamisha, anasikiliza kitu kingine.

MLEMBE

Ilikuwa sauti kama ya kiberiti kilichojaa njiti kinapotikiswa upesi. Ilitoka juu ya mti mkavu. Hapo alikaa ndege wa kijivu, mdogo kuliko njiwa, mwenye doa jeupe shavuni, koo jeusi na mdomo wa waridi. Ungempita mara mia usimjali. Huyo ndiye mlembe, ndege wa kuonyesha asali.

Mzee alimjibu kwa mluzi mrefu, kisha akapiga shina la mti mara mbili kwa bapa la panga. Ndege akaruka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yakionekana wazi, akatua mti wa hamsini mbele, akatikisa tena kiberiti chake. Tukamfuata. Akaruka tena.

Ndugu msomaji, nimesoma habari za wanyama waliofunzwa na binadamu: mbwa, ngamia, njiwa wa barua. Mlembe hakufunzwa na mtu. Anapenda nta na majana ya nyuki, tumbo lake linaweza kuisaga nta ambayo viumbe wengi hawaiwezi, lakini hana nguvu ya kupasua mti wala ngozi ya kustahimili nyuki. Binadamu ana moto na shoka, lakini hajui mzinga uko wapi. Wakapatana. Mwaka 1588 padri Mreno aitwaye João dos Santos, akiwa Sofala, aliandika juu ya ndege walioingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta, na akaeleza kwamba ndege hao hao huwaongoza watu kwenye asali. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Niassa, Msumbiji, pamoja na Wayao, ndugu za hawa tunaowafahamu wa Tunduru na Masasi. Mrina asali wa Kiyao alipotumia mwito wa wazee wake, mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, uwezekano wa kuongozwa na mlembe uliongezeka kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ukapanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Sauti nyingine hazikufaa kama huo. Yaani ndege anaujua mwito wa watu wa mahali pake.

Hapa ndipo panapouma. Mwito huo haumo katika kitabu cha shule. Nilimwuliza mzee nani mwingine kijijini anaujua. Alihesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha nne, kisha akakikunja kimoja, akikumbuka kwamba mwenye nacho amefariki. Wajukuu zake hununua sukari dukani. Wengine ni wafugaji nyuki wazuri, wana mizinga ya masanduku, na asali yao inauzwa. Naye anawasifu, kwa sababu mizinga ya zamani ya magome ilihitaji kumchuna mti mzima mzima mpaka akafa amesimama. "Nimeua miti mingi," alisema bila kuona haya. "Sanduku ni bora. Lakini mwenye sanduku hana haja ya kupiga mluzi." Na ndege asiyejibiwa, baada ya miaka, huacha kuita. Imetokea sehemu kadhaa za Afrika Mashariki.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mlembe ni malaika. Jike hutaga ndani ya viota vya ndege wengine, na kinda lake huzaliwa na ncha kali mdomoni, ambayo hulitumia kuwaua makinda wa mwenye nyumba, gizani, kabla hata halijafumbua macho. Nilipomweleza mzee, alinyamaza kidogo, akasema hata watu wapo wa namna hiyo na bado huwa wenyeji wazuri.

KIGINGI

Tulimfuata kwa karibu saa nzima. Nilitazamia atupeleke ndani zaidi, kwenye miti mikubwa. Badala yake alitutoa nje. Miti ilianza kupungua, tukaona visiki, kwanza vya zamani vilivyochipua, kisha vipya vyenye utomvu mwekundu wa mninga. Tukapita kigingi cha saruji cha mpaka wa hifadhi, kimelala ubavu. Mbele yetu palikuwa na shamba jipya, majivu bado meupe, na katikati yake mti mmoja tu uliosimama. Ndege alikuwa juu yake.

Ni rahisi hapa kuandika neno "wavamizi" na kufunga daftari. Lakini Makere si mahali pa maneno rahisi. Katika kata hii hii mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita ya Kongo. Na kuanzia mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, nayo kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena. Zaidi ya watu laki moja wanaopika kila siku kwa kuni ni jambo ambalo msitu wowote utalisikia. Wenyeji nao wanaongezeka, na mvutano wao na hifadhi ya Makere Kusini juu ya ardhi ya kulima ni wa miaka mingi. Halafu tupo sisi. Gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani kwako Temeke halikutoka Makere, ni mbali mno. Lakini limetoka katika miombo ya mahali pengine, na huenda nako yuko mzee anayehesabu vidole.

Mwenye shamba alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Alimwamkia mzee kwa heshima zote. Alisema mti ule ameuacha kwa sababu ya nyuki, walimfukuza mara mbili alipoukaribia na shoka. Sasa anangoja mvua iwapunguze ukali, kisha atauchoma moto chini ili uanguke wenyewe. Anahitaji nafasi ya mahindi. Ana watoto wawili.

Mzee hakumhutubia. Aliomba moto. Alifunga majani mabichi ndani ya majani makavu, akawasha, akapanda kwa kamba kama mtu wa nusu ya umri wake, akapuliza moshi kwenye tundu. Nyuki walitoka kwa sauti ya mashine ya kushonea. Mimi nilikuwa mbali, nikiwa na darubini, na sioni haya kulisema. Alishuka na ndoo karibu nusu ya masega, akaacha mengine ndani ili nyuki wasihame. Alichagua sega moja kuukuu, lenye majana, akaliweka juu ya kisiki, mahali pa wazi.

"La mwenyewe," alisema.

Wahenga wa Buha, na wa makabila mengine mengi, husema ukimnyima mlembe fungu lake, siku nyingine atakuongoza kwa simba au nyoka. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana maoni tofauti: wengine wao huichoma au kuificha nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuwaongoza. Nilimweleza mzee habari hiyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akaigawa asali mafungu matatu, moja akampa kijana. Kijana alionja, akalamba kidole, akauliza ndoo nzima ingeuzwa kiasi gani Kasulu. Mzee akamtajia. Kijana akautazama mti, akaitazama ndoo, akauliza nyuki hujaza tena baada ya muda gani. Wakaendelea kuzungumza kwa Kiha, upesi, nami nikabaki nje ya mazungumzo. Walipomaliza sikuambiwa walichopatana, wala sikujua kama walipatana.

Ukitaka kwenda, nenda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaharibu njia za ndani. Lala Kasulu au Kibondo, pita kwanza ofisi ya misitu, mwombe mwenyeji akuongoze na mpatane malipo yake kabla ya kuondoka. Usiingie eneo la kambi. Si mahali pa matembezi. Mwenye nafasi na fedha zaidi anaweza kuulizia habari za bonde la Malagarasi na Muyovozi, upande wa mashariki, ardhi oevu ya hekta 3,250,000 iliyokuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000, anakoishi korongo-nyangumi, mrefu kama mtoto wa shule na mwenye mdomo kama kiatu. Huko ni kwa vibali vya wanyamapori na kwa mtumbwi, nami sijafika.

Sisi tulikaa pembeni ya shamba tukimngoja mlembe ashuke kwenye sega lake. Alikuwa amehamia mti wa mpakani, kimya sasa, akitutazama. Mzee alisema hatashuka tungali pale, na basi langu lilikuwa la saa saba. Tukaondoka. Tulipofika kwenye kigingi kilicholala nilisikia shoka, tok, tok, kisha kimya, kisha tok. Porini sauti hupotosha. Nilimwuliza mzee inatoka upande gani, akasimama akasikiliza, akasema naye hana hakika.